Lami ya Juba

Asubuhi hiyo nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe huku nikimtazama mume wangu ng'ambo ya barabara. Alikuwa anamwekea Keji kioo kipya mbele ya duka. Kile cha zamani kilikuwa na ufa pembeni, ufa ambao mimi, pamoja na kukaa nikitazamana na duka hilo kila siku, sikuwahi kuuona.

Keji alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Akasema neno. Mume wangu akacheka mpaka ikabidi aweke chini kisu chake cha kukatia kioo. Nyumbani Machakos alikuwa mtu wa kuchekea puani.

Mimi nilimwita Baba Mutheu, kama mke anavyomwita mumewe kwetu. Keji alimwita Kyalo. Kyalo njoo, Kyalo kunywa kahawa, Kyalo umechelewa, mbele ya watu wote. Alikuwa mjane wa hapo hapo Juba, aliyeishi miaka mingi ukimbizini Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Aliuza vitambaa na manukato. Alinukia. Mimi nilinukia moshi na vitunguu.

Lakini kusema kweli, kabla ya kumwonea Keji wivu niliionea wivu barabara yenyewe.

Ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya mji. Sisi Wakenya tuliofanya kazi pale tuliiita Lami, kwa sababu wenyeji walituambia kwamba wakati mji mzima ulikuwa vumbi, hiyo ilikuwa na lami tayari. Kyalo alipofika mara ya kwanza, mimi nikiwa bado Machakos nalea Mutheu, maduka mengi ya Lami yalikuwa ya mabati, na kuta chache za mawe zilikuwa na matundu ya risasi za vita vya zamani. Kisha watu wakajenga. Kila jengo jipya likataka kioo, na fundi wa kioo alikuwa yeye. Nilipomfuata, nikimwacha Mutheu kwa nyanya yake, alinitembeza Lami yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapa palikuwa kambi ya askari. Hapa alikaa mama wa chai, sasa ni benki. Hiki changu, na hiki, na kile cha ghorofani. Alivionyesha kwa kidole kama mtu anayekutajia watoto wake.

"Si ungefanya kazi hii kwetu?" nilimwuliza.

"Machakos?" Akatikisa kichwa. "Pale katikati ya mji kila dirisha liko na mwenyewe tangu enzi za babu. Kazi ni kubandika putty kwenye vioo vya zamani tu. Huku mtu anaanza na ukuta mtupu."

Ni kweli mji wetu ni mzee. Wazee husema ulikuwa mji kabla Nairobi haijawa mji. Lakini mimi nilisikia kwamba kwetu, nilikokuwa mimi, hapakuwa na kitu kipya cha kumfanya arudi.

Basi nikafungua kibanda cha chakula cha mabati ng'ambo ya duka la Keji, nikawa napika githeri ya mahindi na maharagwe, na chapati, kwa mafundi na madereva. Nilichagua mahali hapo makusudi. Nilitaka kuona.

Siku ile ya kioo kipya iliendelea hivyo. Alirudi kula mchana, akasifu maharagwe, nami nikamwondolea sahani. Alasiri tukasikia mlio kutoka upande wa juu wa mji. Dereva mmoja alisema ni lori limepasuka gurudumu. Halafu ikaja milio mingine, mingi, na dereva yule akaacha sahani yake akakimbia.

Mabati hayazuii risasi. Mume wangu alinishika mkono tukavuka Lami tukiwa tumeinama.

Keji alikuwa ameshafungua mlango. Duka lake lilikuwa la mawe, na nyuma kulikuwa na stoo isiyo na dirisha. Alitusukuma ndani, akafunga.

Tulikaa humo, watatu, kati ya marobota ya vitambaa. Kulikuwa na mtungi wa maji na biskuti. Keji aligawa maji kwa kifuniko cha chupa, na kila mara alianza na mimi. Wema wake uliniuma. Ningependa awe mchoyo.

Milio ilinyamaza, ikarudi. Kioo cha mbele kilianguka chote kwa pamoja. Baba Mutheu alifumba macho tu.

Halafu ukaja moshi. Walikuwa wamechoma upande wa soko.

Keji alikuwa na pumu.

Mwanzo alikohoa kidogo, akajifunika mdomo kwa kanga. Baadaye akaacha kukohoa, na hapo ndipo tulipoogopa. Kila pumzi ililia kama mlango mbovu. Alinyoosha kidole kuonyesha mkoba wake, mume wangu akaumwaga wote. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha.

"Duka la dawa liko hapo tu, karibu na kibanda chako," mume wangu aliniambia.

"Baba Mutheu, usitoke."

"Atakufa tukimwangalia."

"Usitoke. Uko na mtoto."

Alinitazama. Nimeurudia mtazamo huo mara nyingi tangu siku ile na bado sijui ulikuwa unasema nini. Kisha akavua viatu, ili asisikike, akatoka.

Nilitambaa mpaka mlango wa mbele. Nilimwona akivuka. Nilimwona akiingia kwenye duka la dawa kupitia dirisha lililovunjika. Alikaa humo muda.

Akatoka.

Alikuwa amefika upande wetu. Alikuwa chini ya mwarobaini uliokuwa mbele ya duka la Keji.

Sikusikia risasi hiyo. Nilimwona tu akikaa chini, kama mtu aliyechoka.

Nilimfikia nikitambaa kwa tumbo. Alikuwa bado ananiona. Aliniita jina langu la usichana, Ndunge, ambalo hakuwa amelitumia tangu tuoane. Hakusema lingine. Mkono wake ulikuwa umefumbwa. Niliufungua, nikatoa kile kichupa cha dawa, nikarudi nacho stoo, nikampa Keji.

Alivuta. Alivuta tena. Rangi ikamrudia.

Watu wakinisikia nikisimulia hapa nyumbani husema nina moyo mkubwa. Si moyo. Kama Keji angekufa pia, mume wangu angekuwa amefia nini?

Milio iliponyamaza, majirani walitusaidia kumzika pale pale chini ya mwarobaini. Watu wengi walizikwa walipoangukia. Keji alitoa kitambaa cheupe kutoka kwenye robota lake. Muda si mrefu gari la kukusanya Wakenya likapita Lami kuelekea uwanja wa ndege. Halikuwa na nafasi ya maiti, hata kwa wale ambao hawajazikwa.

"Nenda kwa mtoto," Keji aliniambia. "Mimi nitamtunza."

Nitamtunza. Nilisafiri na neno hilo hadi nyumbani.

Siku hizi nina duka dogo la nguo katikati ya mji wa Machakos. Wenzangu wa barabara hii hulalamika mitaro imeziba, wachuuzi wamejaa, vumbi halina mwisho. Mzee wa duka la pili anauza pale alipouzia baba yake, mlango ule ule. Nawasikiliza nikiwaonea wivu hata kwa mitaro yao.

Keji alikuwa akinitumia picha kwa simu. Kaburi lina mawe meupe pembeni. Kaburi lina maua. Nilimshukuru kila mara, na kila mara nilizima simu nikiwa na uchungu. Mimi nilikuwa na cheti cha ndoa. Yeye alikuwa na mtu mwenyewe. Kisha picha zikakoma, ingawa salamu hazikukoma.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, anakaa kijijini Muthetheni. Alipoanza kudhoofika alitaka jambo moja: mwanawe aletwe alazwe shambani karibu na baba yake. Nilifunga duka, nikaenda Juba na shemeji yangu Musyoka.

Lami sikuitambua. Ilikuwa imepanuliwa, magari yanaenda na kurudi bila kugusana. Vioo vilikuwa vipya, vya fundi mwingine. Duka la Keji lilikuwepo, lakini ngazi yake ya mlango sasa iliishia barabarani. Mwarobaini haukuwepo.

Keji alitoka. Alikuwa amezeeka kama mimi. Hakunikumbatia. Alinishika mkono, akatazama lori likipita, akaonyesha chini ya magurudumu yake.

"Ni hapo," alisema.

Musyoka alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Walikuja na tingatinga," Keji alisema. "Niliwaomba wangoje, mwenyewe aje. Nilikaa chini mbele yake mpaka askari wakaniinua. Nilipewa nafasi ya kumwombea, basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kwa simu, Mama Mutheu?"

Kwa hiyo alikuwa amefiwa naye mara ya pili, akalia, akaomba, akamaliza matanga, na mimi Machakos nikipima nguo za watu. Hata uchungu huo alinitangulia.

Kuhusu yeye na mume wangu sikumwuliza, na hakuniambia. Tulikunywa kahawa. Kabla ya kuondoka nilisimama ukingoni nikangoja magari yapungue, lakini hayakupungua.

Nilikwenda Muthetheni peke yangu kumwambia Mwaitu. Nilimweleza yote, bila kuficha hata lori. Vidole vyake vilichezea ncha ya leso.

"Na huyo mama," aliuliza, "bado anakaa pale?"

"Pale pale, Mwaitu. Mlango wake unatazamana naye."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

"Basi mwanangu hayuko peke yake," alisema, akamshukuru Mungu.

Nikamwacha afarijike.