Kisigino cha Fundi

Kila asubuhi, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani fundi alizipiga kama bata aliyevaa viatu vya kuazima. Mumewe, dereva wa basi mstaafu, alicheka siku moja tu; jicho alilokatwa lilimtosha. Nyuma ya mguu wa kulia, juu kidogo ya kisigino, palikuwa pamevimba na pana moto. Miaka thelathini na moja ya kukanyaga cherehani si mchezo.

Walishajaribu kila kitu ambacho majirani hukijua bila kukisomea: maji ya chumvi, kitambaa cha kubana, na dawa ya kupaka iliyonuka hata wateja wakaomba kupimwa nje. Mwishowe binti yao akampeleka kwa mtaalamu wa viungo, na njia nzima alikuwa na wimbo mmoja: "Mama, iuze hiyo cherehani. Umeshona vya kutosha."

Fundi alikuwa akihesabu siku. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki sita na sare arobaini hazijaguswa. Tena, bila cherehani yeye angekuwa nani? Mke wa mstaafu. Hilo lilimuuma kuliko kisigino.

Mtaalamu alikuwa msichana mdogo mwenye vidole kama koleo. Alibinya mpaka fundi akatamka neno ambalo wajukuu zake hukatazwa.

"Kano imechoka, mama, haijakatika," alisema msichana bila kujali. "Simama kwenye ngazi kwa vidole, visigino vining'inie. Panda kwa miguu miwili, shuka kwa huu mbovu peke yake, polepole. Kumi na tano mara tatu, asubuhi na jioni, wiki kumi na mbili. Ikiuma kidogo vumilia, ikiuma sana punguza."

"Na cherehani?"

"Mwezi mmoja akukanyagie mtu mwingine."

Dereva alijitolea kabla hajaombwa. "Pedali nimezikanyaga maisha yangu yote," alisema, akavuta benchi, wakakaa bega kwa bega: mguu wake chini, mikono ya mkewe juu. Akaondoka kama basi lililochelewa. Sindano ikapita kwenye gauni ikaziba mfuko. Alipojaribu kupunguza, gurudumu likarudi nyuma na uzi ukakatika.

"Wewe, hii ina kinyumenyume?" alifoka fundi.

"Sema mapema basi kama kuna kona."

Ndipo wakapata lugha. Kola ikawa kona, pindo nene likawa tuta, mshono mrefu wa ubavuni ukawa mteremko. "Tuta," anasema fundi, na mguu unanyenyekea. Wateja waliokuja kupimwa walidhani wazee wameanza kuchanganyikiwa.

Asubuhi na jioni alisimama kwenye kizingiti cha mlango, akipanda na kushuka mbele ya mtaa mzima.

"Fundi, unamchungulia nani?" aliuliza jirani.

"Mumeo."

Dereva ndiye aliyehesabu, na kwa huruma aliiba. Tisa, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Rudi tisa," alisema fundi. Mtu anayeishi kwa futikamba huwezi kumpunja.

Sare ziliisha siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Tangu wiki ya tano fundi alikuwa ameruhusiwa kukanyaga dakika kumi, kisha ishirini. Wiki ya kumi na mbili msichana wa koleo alimsimamisha kwa mguu mmoja, akainuka mara ishirini na tano bila kukunja uso.

"Nenda kakanyage, mama."

Siku hiyohiyo alikaa kwenye benchi peke yake. Mguu ulikwenda vizuri, mshono ukanyooka. Binti akapiga simu kuuliza habari ya cherehani, akaambiwa haiuzwi, na awasalimie wajukuu. Dereva alisimama mlangoni, mikono nyuma, akiangalia barabara. Miaka mitatu ya kustaafu alikuwa ananyoa ndevu akikumbuka tu. Miezi hii mitatu alinyoa kila siku.

Fundi alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Baba watoto. Asubuhi utakanyaga wewe, jioni mimi."

"Mtaalamu ndivyo alivyosema?"

"Nimesema mimi. Ukinizibia mfuko tena, unarudi kwenye kiti chako."

Dereva alikunja mguu wa suruali na kukaa. Fundi akamvutia pazia la dirisha apate mwanga, ingawa mguu hauhitaji kuona.