Kofia ya Mjomba Gazetini

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichora katuni ya kila wiki kwa gazeti moja, nikiwa nyumbani kwetu Tibirinzi. Mhusika wangu ni mzee wa barazani mwenye jibu la kila jambo na asiye na kazi hata moja. Pua, tumbo na uvivu wake nilivibuni mwenyewe. Kofia tu, ambayo zamani niliiacha nyeupe, ndiyo niliyohitaji kuitazama, na safari hii nikachora iliyokuwa karibu, ile mama aliyokuwa akimshonea mjomba, kaka yake.

Chuo kikuu nilijifunza kutilia shaka kila kitu, isipokuwa kofia. Kofia ya mkono haina pacha. Kila mwanamke hutia viua vyake vya sindano, na mwenye kofia hujulikana kabla hajageuka.

Katuni ilitoka Jumamosi, mjomba keshaanza kuivaa kofia yake. Mzee amelala chali mkekani, anamfundisha jirani kulima. Kabla ya adhuhuri ilishazunguka kwenye simu, na barazani mjomba akapokewa kwa, "Karibu, bwana shamba!"

Kofia ilirudi kwa mama mikononi mwa mke wa mjomba, bila salamu. Mjomba aliamini mama ndiye aliyenituma. Alikuwa akinywa chai kwetu kila asubuhi. Sasa wiki tatu hakukanyaga. Mama aliendelea kumwekea kikombe.

"Kama yule mzee si yeye, anakasirika nini?" nilimuuliza.

"Uliza tena," alisema, "chai yake nikumwagie weye."

Nikaenda kwa mjomba. Nikamwamkia, akaitikia akiutazama ukuta. Nikamweleza kuwa kofia niliichora mwenyewe, mama hakujua lolote, na wiki ijayo mzee atatoka kichwa wazi.

Akageuka. "Kichwa wazi? Mtu mzima, mbele za watu?"

"Basi nifanyeje, mjomba?"

Akavuta gazeti kutoka chini ya mto. Lilikuwa limekunjwa kwenye ukurasa wangu.

"Hapa umeruka safu nzima ya viua. Dada yangu kakaa na sindano miezi miwili, weye waruka safu?"

Nikainama kuutazama ukurasa.

Asubuhi yake alikuja. Mama akammiminia chai. Mjomba akaiomba kofia yake, akaiweka mezani kwangu.

"Hesabu kwanza, ndipo uchore."

Nikahesabu. Safu ni saba; nilichora sita. Mjomba akajinyoosha mkekani, kikombe kifuani, akaanza kunifundisha namna ya kushika kalamu.