Kitufe cha Valeria

Fundi wa kompyuta hapa stendi ya Ifakara ana vidole virefu, vinapita juu ya mashine kama vinachagua mawe kwenye ungo wa mchele. Kila asubuhi dukani kwake brauza ya intaneti inaganda, ukurasa unabaki mweupe, na wateja wanahamia duka la ng'ambo ya barabara. Mimi sihami, nikishakaa nimekaa. Anazima vile vidude alivyoiongezea brauza, kimoja kimoja, anawasha tena, anainamisha sikio. Sauti yake haipandi. "Subiri kidogo, bibi."

Leo vidude vyote vimezimwa, bado inaganda. Kimebaki kitufe kimoja pale juu, kina jina. Sikusoma sana, lakini hilo nalisoma: VALERIA. Ni jina la marehemu mkewe, ndiye aliyekitengeneza. Ukikibonyeza, maandishi yanakuwa makubwa, maana macho yake yalikuwa yanafifia kabla hatujamzika kule Katindiuka. Nikamwambia, "Kitoe hicho, mwanangu. Si ndicho kinachokufukuzia watu?" Akasema, "Najua, bibi. Nilijua toka mwanzo." Akakibonyeza. Maandishi yakakua, yakajaa kioo chote, kisha ukurasa ukabaki mweupe. Akavuta kiti, akaanza tena na kidude cha kwanza.