Mama Alipochimba Dawa Darajani

Baiskeli naijua, hilo sitanii. Jumamosi niliongoza wageni peke yangu kwa mara ya kwanza, na bosi alitufuata na gari aone kama nafaa kuajiriwa. Tulitoka Karatu kwenda Daa, kuona nyumba ya kale ambayo wazee wa Kiiraqw waliichimba chini ya ardhi. Kila kilima nilitangulia mimi, na nilijiona nimeshaajiriwa.

Kwenye daraja la mto, Mama Saida, mgeni wetu kutoka Tanga, akashuka.

"Mwanangu, nisubirini. Nachimba dawa pale kichakani."

Kwetu sisi tunaotembeza watalii, kuchimba dawa ni kujisaidia porini. Kwa haki, yeye hakukosea neno. Nikapaza sauti, "Jamani, wote tugeukie mlimani! Mama anachimba dawa!" Wakageuka wote. Bosi naye akashuka garini, akageuka.

Tukasikia mguno kichakani, kisha mwingine mkubwa zaidi. Nikaanza kuimba kwa nguvu ili kumsitiri.

"We mwanangu!" akaita. "Acha nyimbo, uje tusaidiane, haitoki!"

"Mama, hapo sitaweza," nikajibu bila kugeuka. "Labda nikuitie mama mwenzako."

Akatoka kichakani jasho likimtiririka, kisu mkono mmoja, kipande cha mzizi mkono wa pili.

"Mbona mmenipa migongo? Nimesema nachimba dawa, ya kiuno cha mume wangu. Kwani nyie huku mnachimbaje?"

Bosi akanitazama. "Haya, kiongozi. Mweleze mama."