Petroli Ndani ya Chupa za Soda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha huduma ya kwanza bandarini Bujumbura, sikushika sindano wala bandeji. Muuguzi mkuu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuita meli, alinitoa nje nikatazame miguu ya wapakuzi wa mizigo. Wengi walivaa kandambili. "Batu banakuya huku kama bamekwisha umia," aliniambia. "We uende ubakute mbele ya kuumia." Basi nikawa nashinda gatini, nikigombana na mibaba ya watu kuhusu viatu vya kufunika vidole, na maji ya kunywa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Nilikuwa msichana mdogo, na kazi ile niliipenda tangu saa ya kwanza!

Vita vilipokuja nikahamishiwa zahanati ya Buyenzi, mtaani kwetu Waislamu wa mjini. Bosi wangu sasa alikuwa titulaire, ndiyo kusema muuguzi msimamizi wa zahanati. Yeye aliogopa kitu kimoja: saa ya kutotoka nje. Ikishafika, barabarani ni vizuizi vya askari tu, na mgonjwa wako unabaki naye mpaka asubuhi. Kwa hiyo alinituma nyumba kwa nyumba kuzuia ajali kabla hazijatokea. Nilihubiri kwa raha zote: jiko la makaa lisilale chumbani na watu, maji ya moto yasikae chini anapotambaa mtoto, dawa ziwekwe juu.

Lakini iliyoninyima usingizi ni petroli, esansi kama tunavyoiita Bujumbura. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia biashara, mafuta yakawa ya magendo, yakiuzwa kwa chupa za soda, na kila mwenye gari alificha zake ndani. Nikasema: itieni kwenye bidoni, yaani dumu, lenye kifuniko cha kukaza, nje, mbali na chakula.

Jirani yangu Mzee Nasoro, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alitoka Omani, alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akacheka. "Bidoni inaonekana, Mariamu binti yangu. Bataiiba. Chupa, nani ataangalia chupa?" Zake zilikaa jikoni, kando ya chupa za maji ya maracuja, yaani pasheni, ya kufuturia.

Ilikuwa Ramadhani. Jioni moja umeme ulikatika kabla tu ya adhana. Nilikuwa naosha tende kwetu niliposikia mayowe upande wa pili wa ukuta. Zuhura, binti wa Mzee Nasoro, amepapasa gizani akafungua saumu kwa chupa ya kwanza iliyoukuta mkono wake: esansi. Nilimkuta anakohoa, machozi yanamtiririka. Mama yake amekwisha leta maziwa, na Mzee Nasoro anataka kumtia vidole kooni.

"Apana, Mzee," nikasema, nikamkamata mkono, mimi ambaye siku zote humwamkia kwa kuinama. "Asitapike. Ikirudi itaingia mu mapafu, na iko inaua. Na maziwa, apana." Nilimvua nguo zilizomwagikiwa, nikamsafisha mdomo, nikamketisha wima. Pumzi zilikuwa fupi, zina mlio. Lazima hospitali, na saa ya kutotoka nje inakaribia.

Gari la Mzee lipo, tangi kavu. Mzee Nasoro akakimbilia jikoni, akatoka amekumbatia chupa zake, na hapo akakwama. Gizani hakujua ipi esansi, ipi maracuja. Mtu mmoja akaleta mshumaa, nikaupuliza akiwa bado mlangoni. Basi mzee yule, na kanzu yake ya futari, akaanza kunusa chupa moja moja na kumimina, huku analia waziwazi. "Ya Rabi. Hii. Hii apana. Hii."

Gari likawaka! Kwenye kizuizi askari walisikia kikohozi cha Zuhura, wakatupisha. Hospitali walimpa oksijeni. Nikawa naenda kumtazama kila nikitoka kazini, nimejaa hofu, mpaka asubuhi niliyomkuta anagombana na muuguzi juu ya uji usio na sukari. Nilipiga kigelegele pale wodini, wakanifukuza.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala msikitini, nikiwa upande wa wanawake, nilimsikia Mzee Nasoro akisema mbele ya wote. "Mi ndiye nilimuwekea mutoto wangu sumu karibu ya chakula. Mariamu alinikataza, nikamucheka. Mwende ku nyumba sasa hivi, mutoshe hizo chupa." Mimi nilikuwa nimehubiri mtaa mzima mpaka sauti ikakauka. Alasiri ile ile bidoni ziliadimika sokoni.

Siku ya Idi titulaire alichungulia benchi la wagonjwa. "Hakuna mutu wa esansi leo?"

"Hakuna, Titulaire."

"Basi tufunge mulango, twende tukule pilau ya batu."

Sasa nimestaafu, na vijana wa uuguzi hunijia wakiuliza niliokoa watu wangapi. Zuhura ninamjua. Wengine simjui hata mmoja, maana hawakuja zahanati. Waliweka bidoni nje, wakafuturu, wakalala. Nikipita Buyenzi nawaona wamejaa barabarani, wananipita bila salamu, na moyo wangu unaruka kwa furaha.