Kijiko cha Kwanza cha Uyoga

Mwezi wa nne, Durban ikianza kupoa, watu wa kanisa la mume wangu hupenda kutoka baada ya ibada na kutembea porini, juu ya Pinetown. Mwaka jana nilikwenda nao, mtoto mgongoni, mama mkwe mbele yangu akitembea kama mwenye shamba. Alipouona uyoga, mweupe, mpana kama sahani, akapiga kigelegele.

"Angalia! Buyoga ya kwetu Congo iko huku!"

Niliung'oa mmoja nikaugeuza. Chini ya kofia ulikuwa na ukijani. Ule unaouzwa soko la Warwick, ambao hata mimi Mkenya naula bila wasiwasi, chini ni mweupe. Nikamwonyesha. Akautazama kidogo, kisha akasema Wakenya tunajua sukuma wiki tu. Watu wakacheka, na mume wangu akacheka nao. Nilikasirika.

Tuliporudi nyumbani Greyville, mama mkwe akaupika kwa vitunguu na mawese. Ulinukia vizuri, sikatai. Kisha akachota kijiko akaninyooshea mimi. Kwao, uyoga wa porini huonjwa kwanza na mke aliyeolewa katika nyumba ile, wengine wakisubiri waone. Eti ni heshima. Heshima gani hiyo, ya kupimia sumu kwenye tumbo la mtu?

"Mama, mimi nanyonyesha," nikasema. "Sionji."

"Miye nilionjaka kwa mama ya bwana yangu. Nilikufa?"

Nikamgeukia mume wangu. Mtu mzima, msomi, macho yote kwenye simu.

"Onja kidogo tu, mama," akaniambia. "Tumalize haya maneno."

Damu ilinichemka. Nikamwambia, mbele ya mama yake, kwamba kama ni kidogo tu basi aonje yeye, na kama hathubutu asinifungulie mdomo tena siku hiyo. Nilipaza sauti hadi mtoto akaamka akaanza kulia.

Mume wangu akainuka kwa aibu, akakichukua kijiko mkononi mwa mama yake.

"Eish. Sharp, sawa, nitaonja mimi."

Hakikufika mdomoni. Mama yake alimpiga mkono kwa nguvu, kijiko kikaruka hadi ukutani, mawese yakatiririka.

"Weye hapana!" akapiga kelele. "Weye hapana, mutoto yangu!"

Kumbe shaka alikuwa nayo tangu kule porini. Na kijiko alininyooshea mimi.