Chupa Mbili za Isaac

Akongo yuko hai. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia nikimsimulia hudhani namlilia marehemu. Kilichokufa ni mdomo wake tu, na mdomo ule ulikuwa na sifa kuanzia Busia mpaka Tororo.

Siku hizo aliuza karanga za kukaanga kwenye foleni ya malori, upande wetu wa Uganda. Dereva aliyekwama siku tatu akisubiri makaratasi akimnunia, Akongo alimwambia, "Wewe bwana, hata lori limekuchoka." Dereva alicheka, akanunua, na wa nyuma yake akanunua pia. Mume wake, mtu wa Osukuru, alifariki Carol akiwa darasa la tatu, na karanga hizo ndizo zilizomlea Carol. Mimi ni Anyango, jirani yake. Tunagawana ukuta mmoja, tena mwembamba, kwa hiyo ninayoyasema sikuyaokota njiani.

Carol alipokuwa mtu mzima alizaa na kijana mmoja wa bodaboda aliyeitwa Kevo, ambaye tangu mtoto azaliwe hatujamwona tena, na mimi kwa upande wangu simtafuti. Mtoto aliitwa Isaac. Carol akapata kazi ya kufua mashuka katika gesti upande wa Kenya, ikabidi Akongo aache malori akae nyumbani na mjukuu. Aliacha bila kunung'unika. Akaanza kukaangia karanga mlangoni, mtoto mgongoni, na mteja akifika alimtambulisha: "Huyu ndiye bosi, mimi nafanya kazi kwake." Neno la kwanza Isaac kulisema lilikuwa "Jaja", yaani bibi, na Akongo alizunguka nyumba zote kumi za ploti akitangaza.

Sasa, sisi watu wa mpakani tuna ujinga wetu. Tumezoea kila kitu kuwa mara mbili. Sukari ya huku na sukari ya kule, sabuni ya huku na sabuni ya kule, na kila mtu ana upande wake anaoutetea kama timu ya mpira. Akongo aliamini vitu vya Uganda. Carol, tangu apate kazi ng'ambo, kwake kizuri kilikuwa cha Kenya.

Mvua za Aprili zilipokuja Isaac alishikwa na mafua. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Pua zilitiririka, akakohoa, akawa hataki kulala. Jumapili jioni nikawasikia wanagombana.

"Dawa ya hapa iko kama maji, Mama," Carol alisema. "Kesho nanunua ya Kenya."

"Ya Kenya kali sana. Huyu ni mtoto, si punda."

"Basi tusimpe kitu! Tumpe uji tu."

"Sawa. Uji tu."

Wakakubaliana hivyo, na laiti wangelishika neno lao. Mafua yale yangeisha yenyewe kwa uji, maziwa ya mama na kupanguswa pua. Lakini nani anaweza kumsikiliza mtoto wake akikohoa halafu akae tu? Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Jumatatu Carol alirudi na chupa yake kwenye mkoba, na Akongo alikuwa ameshanunua yake kwenye duka la dawa la hapa karibu, akaificha nyuma ya unga. Kesho yake Carol akampa mtoto alfajiri kabla ya kwenda kazini. Akongo akampa saa nne na tena saa tisa, kwa kijiko kile kile cha kukorogea chai. Kila mmoja alinyamaza, ili asiambiwe amevunja neno.

Isaac akalala. Jumanne alilala karibu siku nzima. Mimi mwenyewe nilichungulia nikasema, "Mwache apumzike, Mama Carol, ugonjwa unatoka." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Kumbe usingizi ule haukuwa nafuu hata kidogo.

Jumatano adhuhuri nilisikia Akongo akiita jina la mtoto. Akaita tena, kwa sauti ambayo sijaisikia kabla wala baada. Niliingia nikamkuta Isaac amelegea mikononi mwake, midomo imebadilika rangi, kifua kikipanda polepole mno. Tulimkimbiza kituo cha afya kwa pikipiki, na njiani nikampigia Carol simu. Alivuka mpaka mbio, aproni ya kazi bado kiunoni.

Sista Damalie, muuguzi wa pale, alimwekea mtoto hewa, akatugeukia. "Mmempa dawa gani?"

Akongo akatoa chupa kwenye kitenge. Carol akaitazama chupa ya mama yake, akafungua mkoba, akatoa ya kwake.

Sista akaziweka mezani pamoja. Majina makubwa yalikuwa tofauti, rangi za karatasi tofauti. Akageuza nyuma, akasoma maandishi madogo kwa kidole. Nilimwona akifumba macho.

"Hii na hii ni dawa moja," alisema. "Majina mawili tu, kiwanda hiki na kiwanda kile. Ni dawa ya mafua yenye kuleta usingizi, na ikizidi, mtoto anasahau kupumua. Jaja, ulipima na nini?"

"Kijiko."

"Cha nyumbani?"

"Cha kukorogea chai."

"Huyu hajafika miaka miwili," Sista alisema polepole. "Dawa hizi, hata moja, hakutakiwa kupewa."

Gari la wagonjwa lilimchukua kwenda Tororo. Isaac hakufika. Alizimika njiani, kichwa chake kwenye paja la mama yake.

Tulimzika Osukuru, karibu na babu yake. Udongo ulipoanza kuingia Carol alinyoosha kidole mbele ya watu wote. "Ni Mama! Mama ndiye alimuua mtoto wangu!" Akongo alisimama pale, yeye mwenye jibu kwa kila dereva wa Mombasa na Kampala, asiseme neno. Carol akahamia ng'ambo. Na sisi majirani tukaimaliza kazi. Wanawake walianza kuwaita watoto wao ndani Akongo akipita. Niliona aibu kukaa naye mlangoni, kwa hiyo sikukaa. Aibu yenyewe ninayo mpaka leo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Juzi, Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa nimejikaza nikaenda kumsaidia kumenya karanga. Carol akatokea. Ameolewa sasa na fundi mmoja, Osborn, na alikuwa amebeba mtoto wa kike wa miezi minne, Apendi. Mtoto alikuwa na mafua.

"Nimetoka kwa sista," alisema akiwa bado amesimama. "Amesema hakuna dawa. Nimnyonyeshe, nimpanguse pua, nikiona anapumua kwa shida nimrudishe haraka. Mama, kesho narudi kazini. Nataka akae na wewe."

Akongo alitikisa kichwa. "Mimi sishiki mtoto wa mtu."

Carol akapiga magoti palepale kwenye maganda, akaanza kulia. "Mama, Jumatano ile nilimpa mara mbili. Alikuwa analia, nilikuwa nachelewa, nikataka alale. Nilimpa, nikamwongezea. Sikumwambia mtu. Niliacha watu waseme ni wewe."

Nilitaka ardhi inimeze. Akongo aliendelea kumenya karanga moja, akaimaliza.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Sista aliinua chupa yako. Ya siku mbili tu, na imebaki kidogo chini. Niliona."

"Mbona hukusema? Kaburini, mbele ya watu wote, mbona hukusema?"

"Mimi nilimpa pia, kwa kijiko. Ningekataa, ningekuwa nadanganya." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Na wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili. Ungebeba hiyo, ungekufa. Mimi nilikuwa na nguvu ya kubeba ya wawili."

Carol alilia mpaka akakosa sauti. Mtoto naye akaanza kukohoa, na Akongo akanyoosha mikono, akampokea.